Paa la Bati na Mpako wa Kupuliza: Maelezo kwa Wakazi wa Mbulu na Hanang

Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mwenye nyumba ya bati hukutana nalo siku moja. Paa limeanza kuvuja, mvua za Novemba zinakaribia, na anatokea fundi mwenye kompresa nyuma ya pikipiki. Anasema kwamba kwa kazi ya mchana mmoja atalipuliza paa lote mpako, nalo litakaa miaka kumi bila kupitisha tone. Bei anayotaja ni ndogo kuliko bei ya mabati mapya. Je, akubaliwe?

Jibu letu ni kwamba mara nyingine akubaliwe, na mara nyingi asikubaliwe kabla ya kuulizwa maswali kadhaa. Mpako wa kupuliza ni bidhaa halali yenye manufaa yake. Malalamiko mengi juu ya mipako ya namna hii hutokana na kuutumia mpako mahali usipofaa, au kuupaka juu ya uchafu na kutu, au kuuongezea maji hadi ukabaki rangi tu.

Babu zetu wa Kiiraqw hawakuwa na shida ya bati. Waliishi katika tembe zenye paa la udongo, nyingine zikiwa zimechimbwa ubavuni mwa kilima, na paa lilipopasuka lilizibwa kwa udongo ule ule uliokuwa karibu. Ukarabati haukuhitaji risiti. Bati limetuletea paa jepesi na maji safi ya kukinga, lakini limetuletea pia utegemezi wa bidhaa ambazo hatuwezi kuzitambua ubora wake kwa kuzitazama. Ndiyo maana tupo hapa.

Tuanze na swali ambalo wauzaji hawapendi kulisubiri: je, paa lako linavuja kweli? Wakazi wa nyanda za juu za Mbulu wanajua baridi ya mwezi Juni na Julai. Usiku bati hupoa sana, na hewa yenye unyevu iliyomo ndani, inayotokana na pumzi za watu, mvuke wa sufuria na nguo zilizoanikwa, hugusa bati hilo na kugeuka maji. Asubuhi matone yanadondoka kitandani, na mwenye nyumba anasema paa limetoboka. Hilo ni jasho la bati. Hata ukipaka mpako wa gharama kubwa juu ya paa, matone yataendelea kudondoka, kwa sababu maji hayakutoka juu. Dawa yake ni kuacha matundu ya kupitisha hewa kwenye ncha za kuta na kuweka dari. Namna ya kutofautisha ni rahisi: matone yakionekana asubuhi ya baridi ambayo mvua haikunyesha, usimwite fundi wa kupuliza.

Namna ya pili ya uchunguzi ni kuingia chumbani saa sita mchana, kufunga mlango na madirisha, na kutazama juu. Kila tundu litaonekana kama nyota. Weka alama kwa chaki kwenye papi iliyo karibu. Mtaona kwamba nyota nyingi ziko kwenye mistari ya misumari, chache ziko kwenye maungio ya bati na bati, na nyingine ziko chini ya kofia ya paa. Katikati ya bati lenyewe huwa hakuna kitu, isipokuwa bati likiwa limekwisha kuliwa.

Sababu ya misumari kuongoza inafaa kuelezwa, kwani ndiyo inayoamua kama mpako utadumu. Chuma hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa. Bati la urefu wa mita 3, likipoa kwa nyuzi 40 za Selsiasi kutoka mchana wa jua kali hadi alfajiri ya baridi, hupungua urefu kwa takriban milimita moja na nusu. Ni kidogo, lakini hutokea kila siku, mwaka hadi mwaka. Msumari hausogei, bati linasogea, na tundu linapanuka. Washa ya mpira iliyokuwa chini ya kichwa cha msumari inakauka kwa jua na kupasuka. Sasa fikirini mtu amepuliza rangi nyembamba juu ya msumari uliolegea. Rangi hiyo itapasuka mahali pale pale katika majuma machache. Kwa hiyo fundi anayepuliza bila kugusa msumari hata mmoja hajatengeneza paa, amelipaka rangi.

Lipo pia swali la kutu. Bati la kawaida la migongo ni chuma kilichochovywa katika zinki. Zinki huliwa kwanza yenyewe ili chuma kisiliwe, na kwa muda ambao zinki ipo, hata mkwaruzo mdogo hauleti kutu kubwa. Mabati mengine hufunikwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, ambapo aluminiamu ni kiasi cha asilimia 55 kwa uzito. Zinki ikiisha, kutu nyekundu inaanza. Hapo muda wa kupaka mpako kwa faida unakuwa umefupika, ingawa haujaisha.

Kipimo chetu ni cha bisibisi. Panda kwa uangalifu, au mwombe fundi apande, na bonyeza sehemu zenye kutu kwa ncha ya bisibisi. Kama kutu ni ya juu juu na chuma chini yake ni kigumu, mpako unaweza kuongeza miaka. Kama bati linabonyea au linatoboka, hakuna cha kupaka. Badilisha bati hilo. Mpako unahitaji kitu cha kushikilia, na kutu haishikiliwi. Tena tazameni upande wa chini. Jikoni, ambako moshi na mvuke hupanda kila siku, bati mara nyingi huliwa kutoka ndani kwenda nje, na mtu aliyesimama juu ya paa anaona bati zuri. Kupuliza juu ya bati la namna hiyo ni kutupa fedha.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya geji. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Bati la geji 32 lililokwisha kushika kutu kwa kawaida halina unene wa kutosha wa kuokolewa. Lile la geji 28 laweza kusubiri. Mwenye kununua mabati mapya leo anaamua gharama ya ukarabati wa miaka mingi ijayo, na aliyejenga kwa haraka baada ya maafa anajua jinsi uamuzi huo unavyokuwa mgumu. Baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 pale Katesh na vijiji vya jirani, familia nyingi zilihitaji paa kwa wakati mmoja. Uhitaji wa namna hiyo humfanya mnunuzi asiulize. Tunaomba muulize hata hivyo.

Tukubaliane sasa kwamba paa ni la kupakwa. Kazi yenyewe ina mpangilio ambao hauwezi kupinduliwa. Kwanza, misumari iliyolegea hung'olewa na mahali pake huwekwa skrubu nene kidogo yenye washa ya mpira. Maungio yaliyoachana husogezwa na kukazwa. Kutu husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, na paa zima huoshwa kwa maji na sabuni, kisha husuuzwa. Vumbi letu lina tabia yake. Upande wa Hanang, karibu na Ziwa Balangida, kuna chumvi na magadi katika udongo, na zinki haipendi magadi kama isivyopenda asidi. Vumbi la namna hiyo likiachwa chini ya mpako linavuta unyevu na kuuinua mpako kutoka ndani. Paa likikauka, sehemu zilizosuguliwa hupakwa praima ya kuzuia kutu, vichwa vya skrubu na maungio huzibwa kwa gundi ya kuziba inayovutika, na mahali penye tundu hubandikwa kitambaa au utepe maalumu. Baada ya hayo yote ndipo kompresa inawashwa. Kwa hesabu ya uzoefu, kupuliza ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Fundi anayeahidi kumaliza nyumba nzima kwa mchana mmoja ametuambia tayari ni hatua zipi atakazoruka.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi waaminifu hulifanya. Ni kupaka rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya milango na mageti, moja kwa moja juu ya bati la zinki. Mwanzoni inang'aa. Lakini mafuta yaliyomo katika rangi hiyo hupambana na zinki na kutengeneza kitu kama sabuni katikati ya rangi na bati, na baada ya muda rangi inabanduka kwa vipande vikubwa kama ngozi ya nyoka. Hakuna ustadi wa kupaka unaoweza kuzuia hilo. Ulizeni kama mpako au praima imeandikwa kwamba inafaa kwa bati la zinki. Kama haikuandikwa, chukulieni kwamba haifai. Lami nayo ni nzuri kwa kuziba sehemu ndogo, lakini ikipakwa paa zima hunyonya joto, hulainika mchana, hukakamaa usiku, na hatimaye hupasuka; isitoshe, haifai kabisa kwa paa linalokinga maji ya kunywa.

Tuje kwenye unene, kwani hapa ndipo mnunuzi huibiwa bila kujua. Lita 1 ya mpako ikitandazwa juu ya mita 10 za mraba huacha tabaka bichi la unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikiwa nusu ya mpako huo ni maji au thina itakayokauka na kuondoka, kinachobaki ni nusu ya hapo. Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye paa la mita 60 za mraba. Migongo ya bati huongeza eneo kwa takriban moja ya kumi, hivyo eneo la kupakwa ni mita 66. Fundi amemwambia ndoo 1 ya lita 20 inatosha. Gawanya: inapata tabaka bichi la milimita 0.3, na baada ya kukauka, milimita 0.15. Huenda ikatosha, huenda isitoshe; jibu limeandikwa kwenye ndoo, mahali panapotaja lita moja inafunika mita ngapi na mara ngapi ipakwe. Lakini fundi huyo akitumia nusu ya ndoo, akaijaza maji na kuondoka na nusu nyingine kwa mteja anayefuata, macho ya mama huyo hayataona tofauti yoyote. Paa litakuwa jeupe vile vile. Unene utakuwa chini ya milimita 0.08, sawa na unywele.

Kwa hiyo nunueni mpako wenyewe, msimpe fundi fedha ya kununulia. Ndoo ifunguliwe mbele yenu. Ndoo tupu zibaki nyumbani kwenu, na zihesabiwe. Upulizaji pia hupoteza mpako mwingi kwa upepo, na upepo wa chini ya Mlima Hanang hauhitaji kuelezwa kwenu. Kazi ifanywe asubuhi baada ya umande kukauka, kabla upepo haujaamka, na isifanywe siku yenye mawingu ya mvua. Kwa nyumba ndogo sisi tunapendekeza brashi au rola: hazipotezi, na zinasukuma mpako ndani ya maungio ambako bunduki ya rangi hupita juu tu. Hili huwashangaza wengi wanaodhani kompresa ni maendeleo.

Muuzaji atasema pia kwamba mpako mweupe unapunguza joto ndani. Ni kweli, na kwa mkazi wa bonde la Yaeda au wa pwani ni faida kubwa. Kwa mkazi wa Mbulu mjini, anayewasha mkaa jioni ili apate joto, faida hiyo aifikirie mara mbili kabla ya kuilipia.

Yapo mambo mawili ambayo si ya fedha. La kwanza ni afya. Wengi wetu tunakinga maji ya mvua, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa la mita 60 hujaza pipa haraka. Chochote kilichopo juu ya paa kitafika kwenye tanki. Risasi iliyokuwa ikitiwa katika rangi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Chagueni mpako ulioandikwa kwamba hauna risasi na kwamba unafaa kwa paa la kukinga maji. Bomba la tanki liondolewe siku ya kazi, na maji ya mvua kadhaa za mwanzo yamwagwe. Kwa anayepuliza, mipako yenye sehemu mbili zinazochanganywa papo hapo, hasa ya poliyurethani, hutoa mvuke wa isosayaneti unaoweza kumletea pumu ya kudumu. Kitambaa cha kufunga puani hakimlindi. Nanyi mnaomiliki majengo ya zamani yenye paa la asbesto, msikubali lisuguliwe wala kupigwa msasa kwa sababu yoyote. Vumbi lake husababisha saratani baada ya miaka mingi. Muulizeni kwanza afisa afya wa halmashauri.

La pili ni chakula. Paa linalovuja juu ya ghala haliharibu gunia moja tu. Mahindi yaliyolowa huota ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mkoa wetu huu. Kama fedha zinatosha kutengeneza chumba kimoja tu, tengenezeni kile chenye mahindi, na msitumie hapo mpako wa kubahatisha. Wekeni bati jipya.

Wamiliki wa magari wametuuliza kuhusu magari ya kulala safarini na yale ya utalii yenye paa la kuinuliwa, yanayopita kwenda Ziwa Eyasi. Kanuni ni ile ile. Maji huingilia kwenye maungio, pembeni mwa madirisha ya juu na kwenye skrubu za reli ya mizigo, kisha husafiri ndani ya dari na kutokea mbali na tundu. Ondoeni gundi ya zamani yote kabla ya kupaka, hasa silikoni, kwani mipako mingi haishiki juu ya silikoni. Barabara zetu za vumbi hulitikisa bodi, kwa hiyo mpako mgumu hupasuka upesi, takeni unaovutika.

Sasa juu ya haki zenu. Kabla ya kulipa, someni ndoo: jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho ya matumizi, ujazo, na alama ya ubora ya TBS. Mpako uliohamishiwa kwenye chupa za maji au madumu yasiyo na lebo, kama unavyoonekana minadani, usinunuliwe kwa bei yoyote, kwa sababu likitokea tatizo hakuna wa kuulizwa. Daini risiti ya kielektroniki. Dhamana ya miaka kumi iandikwe: nani anaitoa, inahusu nini, na mwenye nyumba akidai atamkuta wapi mtoa dhamana. Dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida inahusu kilichomo ndani ya ndoo na haihusu kazi ya fundi, na tena huondoka kama maelekezo hayakufuatwa. Kwa fundi, andikeni makubaliano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: idadi ya ndoo, mara ngapi atapaka, misumari mingapi itabadilishwa. Sehemu ya malipo ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza inyeshe. Fundi mzuri hatakataa, ingawa atanung'unika kidogo.

Bidhaa yenye ubora wa mashaka inapelekwa TBS. Ndoo iliyopungua ujazo ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Bidhaa bandia na matangazo ya udanganyifu yanahusu Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Anayekaa mbali anaweza kuanzia kwa afisa biashara wa halmashauri yake, Dongobesh, Mbulu mjini au Katesh. Njooni na risiti, ndoo tupu yenye lebo, na picha za paa zilizopigwa kabla na baada ya kazi. Bila vitu hivyo tutawasikiliza, lakini uwezo wetu wa kuwasaidia utakuwa mdogo.

Kabla hatujapokea maswali, jambo la mwisho ni la ngazi. Papi zilizooza hazionekani kutoka juu, na bati lililolowa sabuni huteleza kama samaki. Anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari, ambako kuna mbao chini yake, afungwe kamba kiunoni, na asiwe peke yake nyumbani. Sasa tunakaribisha maswali, tukianza na mama aliyeinua mkono pale nyuma.